Rangi Ikikosekana, Sura Isipotee

KATIKA nyumba nyingi za mijini, ukifungua saraka ya kabati ambamo hutunzwa vyeti vya kuzaliwa, stakabadhi za zamani na funguo zisizojulikana ni za mlango gani, huenda ukakuta mkebe mdogo wa filamu ya kamera. Filamu iliyomo imekwisha kupigwa picha lakini haikusafishwa kamwe. Pengine fedha ya kusafishia ilikosekana mwezi ule. Pengine aliyepiga alihamishwa kikazi. Pengine mkebe ulisahauliwa tu. Miaka imepita, studio iliyokuwa jirani imefungwa, na hakuna akumbukaye kwa yakini mkebe huo una picha za nini. Mmoja husema ni za harusi ya shangazi. Mwingine husema ni za Idi ya mwaka ule ambao babu alikuwa bado hai.

Mikebe ya namna hii aghalabu ni ya filamu za rangi, na hapo ndipo mashaka yanapoanza. Filamu ya rangi inataka dawa zake maalumu na joto lake maalumu. Mwenye mkebe akielezwa hayo hukata tamaa, akaurudisha sarakani, nao ukaendelea kuharibika kimya kimya. Makusudi ya makala hii ni kueleza kwamba ipo njia nyingine, ambayo mtu mwangalifu aweza kuifuata nyumbani kwake: kuisafisha filamu ya rangi kwa dawa za picha nyeusi na nyeupe. Njia hiyo ina gharama yake, nayo ni rangi yenyewe. Lakini sura za watu huokoka. Yafaa basi msomaji ajue ni wakati gani gharama hiyo inastahili kulipwa, na ni wakati gani kuilipa ni hasara ya bure.

MBEGU ZISIZOOTA

Filamu ya rangi imepakwa matabaka yanayopokea nuru, moja juu ya jingine. Tabaka moja huiona nuru ya buluu, jingine nuru ya kijani, na jingine nuru nyekundu. Yote matatu yana chumvi za madini ya fedha, kama zilivyo filamu za picha nyeusi na nyeupe. Zaidi ya chumvi hizo, mna kemikali ambazo kwa urahisi wa maelezo tutaziita mbegu za rangi.

Kamera inapofunguka, nuru huzigusa chumvi za fedha na kuacha alama ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Filamu ikitiwa katika dawa ya kuibulia, chumvi zilizoguswa na nuru hugeuka kuwa fedha halisi, ambayo ndani ya filamu huonekana nyeusi. Mpaka hapo filamu ya rangi haina tofauti na ile nyingine. Tofauti yatokana na dawa. Dawa ya kuibulia filamu za rangi, ikishafanya kazi yake juu ya fedha, hubadilika na kuungana na zile mbegu. Ndipo mbegu zinapoota na kutoa rangi katika kila tabaka. Kisha fedha yote huondolewa kwa dawa nyingine, ikabaki rangi peke yake. Kwa hiyo negativu ya rangi uliyonayo katika albamu haina fedha hata chembe.

Dawa ya picha nyeusi na nyeupe huiibua fedha vivyo hivyo, ila mbegu za rangi haiziotesho. Tokeo lake ni picha ya fedha, iliyo kamili kwa umbo na sura, lakini isiyo na rangi. Huo ndio msingi wa kazi yote hii.

Yapo mambo mawili ambayo humshtua mtu anapoifanya kazi hii kwa mara ya kwanza. La kwanza ni kwamba filamu za rangi za negativu zimetiwa makusudi utando wa rangi ya machungwa ili kusahihisha rangi wakati wa kuchapa, na utando huo hautoki. La pili ni kwamba kati ya matabaka mna chujio la manjano, ambalo katika filamu nyingi limetengenezwa kwa chembe ndogo sana za fedha. Katika usafishaji wa kawaida chujio hilo huondoka pamoja na fedha nyingine. Katika njia yetu hubaki. Kwa sababu hizo negativu hutoka nzito, yenye rangi ya kahawia, kana kwamba imemwagiwa chai. Asiyejua hudhani imeungua, akaitupa. Isitupwe, iinuliwe mbele ya dirisha, na picha itaonekana.

SOMA MKEBE KABLA YA KUSHIKA DAWA

Kabla ya jambo lolote, soma maandishi yaliyo kwenye mkebe. Mahali fulani pameandikwa herufi na tarakimu zinazotaja utaratibu wa kuisafisha filamu hiyo, nazo ndizo zitakazokupa shauri.

Ukikuta C-41, hiyo ni filamu ya negativu ya rangi ya utaratibu ulioanza mwaka 1972 na ambao ungali unatumika duniani. Dawa zake bado zinatengenezwa na maabara zake bado zipo. Ikiwa filamu hiyo ni ya miaka ya karibuni, au imetunzwa mahali pa baridi, usiiguse kwa dawa za nyeusi na nyeupe. Ipeleke au itume kwenye maabara, hata kama itakubidi kusubiri. Ukimkabidhi msafiri wa ndege, aiweke katika mzigo wa mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono, maana mitambo ya kukagulia mizigo yaweza kuitia ukungu filamu isiyosafishwa. Ni kweli kwamba mbegu za rangi hubaki ndani ya filamu hata baada ya kusafishwa kwa njia yetu, na fundi mwenye ujuzi mkubwa aweza kujaribu kuziotesha baadaye. Lakini hilo si jambo la kutegemewa. Mwenye filamu na ahesabu kwamba akishaimimina dawa, rangi ameiaga.

Ukikuta C-22, hiyo ni filamu ya rangi ya zamani, ya utaratibu uliotangulia C-41. Filamu hizo zilikusudiwa dawa zenye joto la nyuzi 24 hivi za Sentigredi, ambapo dawa za C-41 zinatakiwa ziwe na nyuzi 37.8. Ukiitia filamu ya C-22 katika dawa ya joto namna hiyo, utando wake waweza kulainika na kuchubuka. Kwa filamu hiyo njia ya nyeusi na nyeupe, katika maji ya baridi, ndiyo iliyo salama.

Ukikuta jina Kodachrome, au herufi K-14, usisumbuke kutafuta rangi. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, haikuwa na mbegu za rangi ndani yake. Mbegu zilikuwa ndani ya dawa zenyewe, na dawa hizo hazitengenezwi tena. Kodak ilitangaza mwaka 2009 kwamba inaacha kuitengeneza, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons katika jimbo la Kansas, Marekani, iliacha kupokea filamu hizo mwishoni mwa mwaka 2010. Tangu hapo kila Kodachrome iliyosalia bila kusafishwa haina mlango mwingine ila huu wa nyeusi na nyeupe.

Ukikuta E-6, hiyo ni filamu ya slaidi. Maabara zake zipo, ingawa ni chache zaidi. Ikiwa ni kuukuu sana, nayo yaweza kusafishwa kwa njia yetu, na itatoa negativu badala ya slaidi.

ADUI NI JOTO

Ile alama isiyoonekana ambayo nuru huiacha katika filamu haidumu milele. Hufifia kadiri siku zinavyopita, na papo hapo ukungu wa kikemikali huongezeka katika filamu nzima. Joto na unyevu huyaharakisha yote mawili.

Mwaka 1897 Msweden S. A. Andrée na wenzake wawili waliruka kwa puto wakikusudia kufika Ncha ya Kaskazini. Puto lilishuka juu ya barafu, wakatembea kwa miguu kwa miezi, na hatimaye wakafa wote watatu katika kisiwa cha Kvitøya. Maiti zao na mizigo yao vilikuja kuonekana mwaka 1930, na pamoja navyo filamu za kamera zilizokaa katika barafu miaka 33. John Hertzberg, mtaalamu wa picha wa Stockholm, alizisafisha kwa uangalifu mkubwa, akapata kuokoa picha 93 kati ya 240 hivi. Hizo zilikuwa filamu za nyeusi na nyeupe, lakini somo ni lile lile: baridi huhifadhi.

Saraka ya nyumba ya Dar es Salaam, Mombasa au Tanga si barafu ya kaskazini. Filamu iliyokaa humo miaka 20 imepita katika misimu 20 ya joto na masika 20 za unyevu. Rangi ndiyo huharibika kwanza, kwa kuwa matabaka matatu hayazeeki kwa mwendo mmoja. Moja hudhoofika kuliko jingine, na filamu hiyo ikisafishwa kwa rangi hutoa nyuso za kijani au anga la zambarau. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuichagua njia ya nyeusi na nyeupe kwa filamu kuukuu: mahali ambapo rangi imekwisha kuvurugika, fedha huweza kuwa bado inazo sura. Na ikiwa huna nafasi ya kuisafisha sasa, ifunge katika mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, uiweke ndani ya friji. Hilo peke yake ni msaada mkubwa.

VIFAA NA DAWA

Chumba kizima cha giza si lazima. Kinachohitajika ni tangi dogo la kusafishia, lenye kifuniko kisichopitisha mwanga na spuli ya kuzungushia filamu; mfuko mweusi wenye mikono, ambao ndani yake filamu huhamishwa kutoka mkebeni hadi kwenye spuli; kipimajoto; chombo cha kupimia maji; saa; na vibanio vya nguo viwili. Filamu ya rangi huiona nuru ya kila namna. Kwa hiyo ile taa nyekundu inayoonekana katika sinema za wapiga picha haifai hapa hata kidogo. Yatakiwa giza totoro.

Dawa ni mbili za lazima: dawa ya kuibulia na dawa ya kuimarishia. Dawa za kuibulia zilizotengenezwa viwandani kama HC-110, Rodinal na D-76 zote zafaa. Kwa filamu kuukuu HC-110 husifiwa kwa kutoleta ukungu mwingi. Fomula ya D-76 inajulikana tangu miaka ya 1920, na mwenye mizani nzuri aweza kuichanganya mwenyewe: katika maji ya vuguvugu mililita 750, metoli gramu 2, salfiti kavu ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2, kisha huongezwa maji hadi lita moja. Kila kitu kiyeyuke kabisa kabla ya kutia kinachofuata.

Ipo pia dawa ambayo itamstaajabisha msomaji, maana huanzia jikoni. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake katika Chuo cha Teknolojia cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa huweza kuibua picha. Asidi zilizomo katika kahawa hufanya kazi ile ile ya metoli, mradi ziwekwe katika maji yenye magadi. Waliokuja baadaye waliongeza vitamini C ili kuitia nguvu. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: katika lita moja ya maji, kaboneti kavu ya sodiamu gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, na kahawa ya kuyeyuka gramu 40. Kahawa ya robasta ni bora kuliko arabika kwa kazi hii, na sisi tunayo ya Kagera. Inayotafutwa ni ile ya bei nafuu, isiyochanganywa na maziwa wala sukari. Magadi ya kupikia yatokayo ziwani hayafai kutumika kama yalivyo, kwa sababu ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, tena yana uchafu, kipimo kitakupotosha. Dawa ya kahawa itumike siku ile ile, kwani hailali. Harufu yake ni mbaya. Kwa filamu kuukuu huongezwa bromidi ya potasiamu gramu 1 kwa lita ili kuzuia ukungu. Asiyekuwa nayo aitumie kahawa kwa kujifunzia, na mkebe wenye thamani auwekee dawa ya kiwandani.

Dawa ya kuimarishia huondoa chumvi za fedha zisizoguswa na nuru, ili filamu iweze kutolewa mwangani. Asili yake ni ugunduzi wa Mwingereza John Herschel, aliyetambua mwaka 1819 kwamba thiosalfeti huyeyusha chumvi za fedha. Nunua ile ya haraka, yenye thiosalfeti ya amonia, kwa kuwa filamu za rangi ni ngumu kidogo kuimarika.

HATUA KWA HATUA

Usianze na mkebe wenye thamani. Tafuta filamu nyingine isiyo na maana kwako, uizungushe kwenye spuli mara kumi mchana ukiona, kisha mara kumi ukiwa umefumba macho. Ikiwa unayo mikebe kadhaa ya tarehe moja, anza na ule unaoudhania kuwa na picha zisizo muhimu sana. Ikiwa ni mmoja tu, unaweza gizani kukata kipande kifupi cha mwanzo wa filamu na kukisafisha peke yake kwanza. Utapoteza picha moja au mbili, lakini utakuwa umepata kipimo cha zilizobaki.

Dawa na maji yote yawe na joto moja. Kwa nyuzi 20, wengi huanzia dakika 8 hadi 10 katika D-76 isiyozimuliwa, na dakika 15 katika dawa ya kahawa. Hizi si sheria. Hakuna kiwanda kilichoweka muda rasmi wa kazi hii, kwa hiyo kipande cha majaribio ndicho mwalimu.

Mimina dawa ya kuibulia. Lipindue tangi polepole kwa nusu dakika ya kwanza, kisha kwa sekunde 10 katika kila dakika. Gonga tangi juu ya meza ili mapovu yatoke. Muda ukitimia, imwage dawa, jaza maji safi, tikisa, mwaga. Rudia mara mbili. Tia dawa ya kuimarishia. Ili kujua muda wake, chukua ncha ya filamu iliyobaki nje, itumbukize katika dawa hiyo mwangani, uangalie inachukua muda gani mpaka ule weupe kama maziwa uishe. Usingoje iwe nyeupe kama kioo, maana ule utando wa machungwa hautoki. Muda huo uzidishe mara tatu, ndio utakaoutumia ndani ya tangi.

Kisha suuza. Kwa nyumba zinazochota maji kwa ndoo, si lazima bomba liwe wazi nusu saa. Jaza tangi, lipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, lipindue mara 10, mwaga. Jaza tena, lipindue mara 20, mwaga. Maji ya mwisho kabisa yawe yasiyo na chumvi, hasa pale ambapo maji ya nyumbani ni ya kisima, vinginevyo yataacha madoa. Maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri za magari yafaa. Lakini soma chupa vizuri, maana asidi ya betri ni kitu kingine kabisa na ni hatari. Tundika filamu mahali pasipo na vumbi wala upepo, kibanio kimoja juu, kingine chini kuinyoosha. Siku hiyo chumba kisifagiliwe.

Ikiwa filamu ni Kodachrome, au ni filamu ya sinema iliyofungwa katika mkebe wa kamera ya kawaida, nyuma yake mna utando mweusi wa masizi. Huo hulainishwa kwa maji yenye boraksi au magadi kidogo, na kupanguswa taratibu kwa sifongo laini. Ule upande mwingine, wenye picha, usiguswe.

MAJI YETU YA VUGUVUGU

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa katika nchi za baridi, ambako mtu hupasha maji ili yafike nyuzi 20. Kwetu pwani maji ya bomba mchana yaweza kuwa na nyuzi 28 au zaidi. Katika joto hilo dawa hukimbia; muda hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi kwa kila nyuzi inayoongezeka. Muda ukishuka chini ya dakika 5, picha hutoka na mabaka. Tumia barafu, lakini isitiwe ndani ya dawa. Iweke katika ndoo ya maji, na chupa za dawa zisimame humo mpaka kipimajoto kikubali. Afadhali zaidi, fanya kazi hii alfajiri.

Hata hivyo filamu ya C-41, kwa kuwa imetengenezwa kustahimili nyuzi 37.8, haitachubuka kwa nyuzi chache za ziada. Ni zile za C-22 na nyingine za zamani zinazotaka baridi ya kweli.

WATOTO NA CHUPA

Jambo hili halina mjadala. Dawa za picha zisitiwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji ya kunywa wala ya juisi. Mtoto mwenye kiu hasomi karatasi iliyobandikwa. Ziwe katika vyombo vya pekee, vyenye maandishi, juu ya rafu asiyoifikia mtoto au katika kabati lenye kufuli. Vikombe na vijiko vilivyotumika kwa dawa visirudi jikoni, hata kama dawa yenyewe ilikuwa kahawa. Metoli na haidrokwinoni huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Vaa glavu na ufungue dirisha. Dawa ya kuimarishia iliyokwisha kutumika ina fedha iliyoyeyuka, kwa hiyo isimwagwe karibu na kisima wala bustani ya mboga. Maabara au studio ambayo ingali inafanya kazi huweza kuipokea.

KUITAZAMA PICHA

Zamani hapa ndipo palipokuwa na kikwazo. Karatasi ya kuchapia picha nyeusi na nyeupe haiioni vizuri nuru ya rangi ya machungwa, kwa hiyo negativu yenye utando ule ilihitaji mwanga wa muda mrefu sana, na picha ikatoka hafifu. Leo kikwazo hicho kimepungua. Weka negativu mbele ya kioo cheupe cha kompyuta au tableti, ikiwa imeinuliwa sentimita chache ili vitone vya kioo visionekane. Ipige picha kwa simu ya mkononi. Kisha kwa programu ya picha ondoa rangi, geuza nyeusi kuwa nyeupe, na ongeza nguvu ya vivuli. Negativu iliyoonekana nzito isiyofaa huweza kufunua ua, mkeka, na watu waliokaa juu yake.

Na picha hiyo ya fedha, ikiwa imeimarishwa na kusuuzwa vizuri, ina maisha marefu kuliko ya rangi. Rangi za filamu hufifia hata gizani, fedha hustahimili. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imejulikana kwa picha zake za nyeusi na nyeupe za watu na mitaa ya Mji Mkongwe, na picha hizo zimetufikia baada ya miongo mingi.

KALAMU IMALIZIE KAZI

Imebaki kazi moja ambayo haifanywi kwa dawa. Katika picha nyeusi na nyeupe, kanga nyekundu na kanga ya kijani huweza kutoka na kijivu kimoja kisichotofautishwa. Jina la kanga lililoandikwa pindoni huenda likasomeka herufi kwa herufi, lakini hakuna mtambo utakaokuambia kwa yakini kanga hiyo ilikuwa ya rangi gani. Anayejua ni yule aliyeivaa, au dada yake aliyesimama kando.

Kwa hiyo picha zikipatikana, zisiishie kwenye simu ya kijana aliyezisafisha. Zichapishwe, zipelekwe kwa bibi, kwa mama mkubwa, kwa mjomba, na waulizwe: huyu ni nani, hapa ni wapi, gauni hili lilikuwa la rangi gani. Majibu yaandikwe nyuma ya kila picha kwa penseli laini, pamoja na mwaka. Filamu imeweza kungoja sarakani miaka 20 au 30, na bado ikatoa kilichomo. Kumbukumbu ya mzee haingoji hivyo. Mwenye mkebe sarakani na autoe wiki hii, ausome, aamue kama ni wa maabara au ni wa tangi la nyumbani. Na wale wanaozikumbuka rangi waulizwe wangali wapo.